Lenzi pana na nyuma inayochafuka: jibu kwa mpiga picha wa Nyakato

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Mwanza, naishi Nyakato. Kwa muda mrefu nimetumia lenzi ya milimita 85, f/1.8, kwenye kamera ya fulu-fremu, yaani yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24. Karibuni nimenunua milimita 24, f/1.4, ya mtumba, ili maharusi wakisimama Capri Point nipate mawe na ziwa nyuma yao. Nimesikitika. Nyuma panachafuka. Matawi yanatoka mistari miwili miwili, maji yanajaa viduara vyenye ukingo mkali, na usiku taa za mitumbwi ya dagaa zikikaa kwenye kona zinakuwa na umbo la yai. Ndani ya taa hizohizo naona pete. Ile 85 haina mambo haya. Je, nimeuziwa lenzi mbovu? Na kama si mbovu, f/1.4 ina faida gani kwenye lenzi pana?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile linalouma mfukoni: kwa dalili ulizozitaja, kuna uwezekano mkubwa kwamba lenzi yako ni nzima. Yai kwenye kona, pete ndani ya taa na matawi ya mistari miwili ni tabia za jinsi lenzi pana zinavyobuniwa, na utazikuta hata kwenye lenzi mpya za bei kubwa. Kipo kipimo cha kutenganisha tabia na ubovu, nami nitakupa. Lakini kwanza tuelewane lenzi yako inafanya nini hasa ukiifungua f/1.4, maana watu wengi wanahukumu lenzi pana kwa kuilinganisha na 85 bila kujua wanalinganisha nini.

Chukua milimita za lenzi, zigawe kwa namba ya f. Unachopata ni upana wa tundu linaloingiza mwanga, ukilitazama kwa mbele. Kwa lenzi yako, 24 gawanya kwa 1.4 ni milimita 17. Kwa ile 85, gawanya kwa 1.8, ni milimita 47. Sasa ipo kanuni moja nyepesi ambayo sijui kwa nini haifundishwi siku ya kwanza: nukta ya taa iliyo mbali sana nyuma ya mtu hugeuka duara, na duara hilo, likipimwa kwa kipimo cha pale mtu aliposimama, huwa na upana uleule wa tundu la lenzi.

Hili unaweza kulishika kwa mkono. Nenda ufukweni usiku, mpe mtu rula aishike kando ya shavu, fokasi kwenye rula, nyuma ziwe taa za mbali za ng'ambo ya ghuba. Duara la taa litakalotokea kando ya rula litachukua milimita 17 za rula ukiwa na 24 yako, na milimita 47 ukiwa na 85. Sogea karibu au rudi nyuma, vipimo hivyo havibadiliki. Rula na duara vinakua au kupungua pamoja ndani ya fremu. Milimita 17 ni kama upana wa ukucha wa dole gumba. Milimita 47 ni karibu vidole vitatu. Ndiyo maana taa za nyuma kwenye 85 zinavimba na kupendeza, na kwenye 24 zinabaki vishanga vidogo. Tundu lenyewe ni dogo, na hakuna ufundi wa mpiga picha utakaolipanua.

Hapo utaniambia: kumbe lenzi pana inafuta nyuma kidogo, yaani haitii ukungu wa kutosha. Hapana, na hapa ndipo penye kiini cha swali lako.

Tuseme maharusi wamesimama, picha ya wima, wanaonekana kuanzia kichwani hadi miguuni, na fremu ina urefu wa mita 2 pale walipo. Ukiwa na 24 utasimama kama mita 1.4 kutoka kwao. Ukiwa na 85 utasimama kama mita 4.8. Nyuma yao, mita 2, kuna kichaka. Je, ni kitu cha ukubwa gani kitakachofutika kwenye kichaka hicho? Zidisha tundu kwa umbali wa kichaka kutoka kwa maharusi, gawanya kwa umbali uliosimama wewe. Kwa 24 unapata kama milimita 24. Kwa 85 unapata karibu milimita 20. Yaani lenzi yako pana imefuta zaidi kidogo kuliko ile unayoisifia! Na si bahati. Ukimweka mtu kwa ukubwa uleule kwenye fremu, urefu wa lenzi unajifuta kwenye hesabu, inabaki namba ya f na umbali wa kitu kilicho nyuma. Kwa kuwa 1.4 ni wazi kuliko 1.8, ndiyo imeshinda.

Sasa kwa nini macho yako yanaona kinyume? Kwa sababu ya vitu vingapi vimeingia. Mita 20 nyuma ya maharusi hao, ile 85 inaona ukanda wa upana wa mita 7 tu. Ile 24 inaona mita 21. Na kwa kuwa kimo nacho kinaongezeka vivyo hivyo, eneo zima linaloingia nyuma ni mara tisa. Pale ambapo 85 ilikuletea kipande cha jiwe na kipande cha maji, 24 imekuletea mawe yote, miti iliyoota katikati yake, nguzo ya umeme, mtumbwi, watu wawili wanaopiga selfi, na anga. Kila kimoja kimefutwa kwa kiwango kilekile, lakini vimepunguzwa ukubwa na kubananishwa. Kingo za ukungu ni nyingi, na kila ukingo unalikatisha jicho.

Ndiyo maana ubora wa ukungu, hicho tunachokiita boke, una uzito mkubwa kwenye lenzi pana kuliko kwenye lenzi ndefu. Kwenye 85 duara moja kubwa linameza kasoro zake. Kwenye 24 una mamia ya maduara madogo yaliyopandana, na tabia ya ukingo wa duara moja inarudiwa mamia ya mara mpaka inakuwa sura ya picha nzima.

Tuje kwenye hayo matawi ya mistari miwili. Kioo cha lenzi chenye umbo la kipande cha tufe hakikusanyi mwanga wote mahali pamoja: miale inayopita pembezoni na ile inayopita katikati hukutana sehemu tofauti kidogo. Kasoro hii huitwa aberesheni ya tufe. Mbunifu anaweza kuiacha kidogo, kuiondoa kabisa, au kuirekebisha kupita kiasi. Akiiacha kidogo, duara la nyuma linakuwa na mwanga mwingi katikati na linafifia taratibu kwenda pembezoni, na maduara yakipandana yanayeyukiana. Akiirekebisha kupita kiasi, mwanga unajikusanya kwenye ukingo, duara linakuwa na mstari mkali kulizunguka. Tawi jembamba ni msururu wa nukta. Kila nukta inakuwa duara lenye ukingo mkali, na kingo hizo zikijipanga pande mbili unapata mistari miwili ya tawi moja. Lenzi yako inaonekana kuwa ya aina hii, na viduara vikali unavyoviona kwenye maji ni kitu hichohicho, ila kimetoka kwenye miale ya jua inayorudi kutoka kwenye mawimbi madogo.

Hapa kuna zawadi ndogo. Tabia hiyo hugeuka upande wa mbele wa fokasi. Lenzi yenye ukingo mkali kwa vitu vya nyuma huwa laini kwa vitu vilivyo mbele ya mtu. Siku moja wapige maharusi kupitia majani au maua yaliyo karibu kabisa na kioo chako, uone jinsi yanavyoyeyuka. Nawajua wapiga picha wanaozilaumu lenzi zao kwa miaka bila kuwahi kuzijaribu upande huu.

Pete ndani ya taa, ambazo mafundi wanaziita pete za kitunguu, zina chanzo kingine. Lenzi pana ya f/1.4 ni vigumu sana kuitengeneza vizuri bila vioo vya asferiki, yaani vioo ambavyo uso wake haufuati tufe. Canon walikuwa na milimita 24 f/1.4 yenye kioo cha namna hiyo tangu mwaka 1975. Siku hizi vingi hutengenezwa kwa kukandamiza kioo cha moto ndani ya kalibu, na kalibu hiyo imechongwa ikizunguka. Mikwaruzo midogo mno ya kuchonga inahamia kwenye kioo, na duara la ukungu linaifichua. Sony walipotoa mfululizo wao wa G Master mwaka 2016 walijinadi kwa vioo vya asferiki vyenye uso uliolainishwa hadi usahihi wa maikroni 0.01, na sababu waliyoitaja ilikuwa hiihii, kupunguza pete. Kwenye lenzi yako pete hizo hazitaondoka kwa kubana apecha, yaani kulipunguza lile tundu. Utazipunguza kwa kuchagua taa: nukta kali zenye giza nyuma yake huzionyesha sana, taa zilizofunikwa kitambaa au karatasi hazizionyeshi. Ukumbini, kwenye mapambo ya taa ndogondogo nyuma ya meza ya maharusi, zitaonekana tu, na mteja hatazijali. Tunaozitazama kwa kukuza picha ni sisi.

Yai la kwenye kona ndilo jepesi kulieleza. Mwanga unaokuja kwa mshazari kutoka pembeni unakatwa na kingo za mwili wa lenzi, mbele na nyuma, kwa hiyo tundu lililokuwa duara ukilitazama kwa mbele linakuwa kama jicho la paka ukilitazama kwa pembeni. Shika lenzi yako mkononi, apecha ikiwa wazi, itazame ukiigeuza polepole, utaliona jicho hilo wewe mwenyewe. Dawa yake ni kubana kidogo. Kwa f/2 mayai yananenepa, kwa f/2.8 yanakaribia kuwa maduara. Ukibana zaidi ya hapo, angalia vibamba vinavyofunga tundu: vikiwa vichache na vilivyonyooka, duara linakuwa pembe tano au saba. Ile Canon ya milimita 50 f/1.8 ya zamani, yenye vibamba vitano, imewafundisha wengi pembetano kabla toleo la mwaka 2015 halijaleta vibamba saba vya mviringo.

Na ukiona ukingo wa kijani kwenye vitu vya nyuma na wa zambarau kwenye vitu vya mbele, hiyo ni rangi kukosa kukutana sehemu moja. Shela jeupe juani huionyesha vibaya. Nayo hupungua ukibana hadi f/2 au f/2.8.

Sasa kile kipimo nilichokuahidi. Usiku, tafuta nukta moja ya taa iliyo mbali, balbu ya ng'ambo au tochi ya simu ambayo mwenzako ameishika mita 20 au zaidi. Weka lenzi kwenye fokasi ya mkono, uisogeze mpaka kama mita moja, f/1.4, na punguza mwanga hadi duara lisiungue likawa jeupe tupu. Piga duara likiwa katikati. Kisha geuza kamera ulipeleke duara kona ya juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia, kila mara piga. Linganisha. Mayai manne yakiwa na unene sawa na yote yakiwa yameegemea kwa namna moja kuelekea katikati ya picha, lenzi ni nzima, hiyo ni tabia yake. Yai la kushoto likiwa jembamba na la kulia nene, au duara la katikati likiwa limevimba upande mmoja, kuna kioo kilichohama mahali pake, labda lenzi iliwahi kuanguka. Huo ndio ubovu, na hapo una haki ya kurudi kwa aliyekuuzia.

Duara hilohilo la katikati ni dirisha la kuchungulia ndani ya lenzi. Doa jeusi ni vumbi au chembe kwenye kioo. Nyuzinyuzi mithili ya utando ni kuvu, na kwa unyevu wa ziwa hili kuvu si kitu cha kupuuza kwa lenzi iliyokaa miaka ndani ya begi. Mimi hununua lenzi ya mtumba kwa duara hili kabla ya kuangalia rangi ya mwili wake.

Umeuliza pia, japo si moja kwa moja, kwa nini 85 haina mambo haya. Sehemu ya jibu ni historia ya kioo cha kurudisha taswira, yaani kile kioo cha kujitazamia kilicho ndani ya kamera nyuma ya lenzi, kinachopeleka taswira kwenye tundu la kuchungulia. Kwenye kamera zenye kioo hicho, lenzi inakaa mbali na filamu au sensa: milimita 46.5 kwa Nikon F, milimita 44 kwa Canon EF. Lenzi ya milimita 24 ya kawaida ingetakiwa ikae karibu zaidi, lakini kioo kinachopanda na kushuka kimechukua nafasi. Mwaka 1950 kampuni ya Angénieux ya Ufaransa ilileta sokoni Retrofocus ya milimita 35 f/2.5: mbele waliweka kundi la vioo linalotawanya mwanga, ili lile la nyuma liukusanye kutoka mbali. Lenzi pana za kamera za kioo zilijengwa hivyo. Bei yake ni mwanga kukunjwa kwa nguvu, kutawanywa na kukusanywa tena, kasoro kurundikana, na vioo vingi kuwekwa kuzirekebisha. 85 haina shida hiyo, ina nafasi ya kutosha nyuma yake na inaukunja mwanga taratibu. Kamera zisizo na kioo zimepunguza umbali huo sana, milimita 18 kwa Sony E, 20 kwa Canon RF, 16 kwa Nikon Z, na wabunifu wamepata pumzi hasa kwenye 28 na 35. Lakini 24 ya f/1.4 bado ni kazi ngumu.

Basi twende Capri Point na lenzi uliyonayo.

Kosa ninaloliona sana pale ni kuwasimamisha maharusi wakiegemea mawe, au hatua mbili tatu mbele ya vichaka vilivyoota kwenye nyufa. Rudi kwenye hesabu: mita 2 nyuma unafuta vitu vya milimita 24. Jani la sentimita tano linabaki, kijiti kinakuwa mistari miwili, na mabaka meupe na meusi ya lile jiwe yanabaki mabaka. Hakuna sehemu mbaya zaidi ya kuweka mandhari ya nyuma kwa lenzi yako kuliko hiyo. Unatakiwa uchague moja. Ama mawe yawe mgongoni kabisa, yaonekane waziwazi, ubane hadi f/5.6 na uyapige kama sehemu ya picha, kwa sababu mawe ya Mwanza yana haki ya kuonekana. Ama uyaache mbali.

Mbali kiasi gani? Chukua Jiwe la Bismarck, pale karibu na kivuko cha Kamanga. Tuseme maharusi wako ufukweni na jiwe liko mita 50 nyuma yao. Kwa fremu ileile ya wima, f/1.4, unafuta vitu vya ukubwa wa kama sentimita 60. Nyufa, madoa, ndege waliotua, vyote vinayeyuka, lakini lile jiwe la juu lililokaa kwenye ncha linabaki na umbo lake, na kila mtu wa Mwanza akiitazama picha anajua ni wapi. Hicho ndicho f/1.4 ya lenzi pana inachokupa na ambacho 85 haiwezi kukupa kwa nafasi ileile: mahali panabaki, takataka zake zinaondoka. Ndilo jibu la swali lako la pili, na mimi kwa hilo tu ningeinunua.

Kwa hiyo ukifika mahali, macho yako yahesabu kingo zilizo nyuma kabla ya kuhesabu f. Piga magoti, anga lichukue nafasi ya vichaka. Au panda kwenye jiwe, maji yachukue nafasi ya nguzo na mabati ya nyumba. Hatua moja ya pembeni kwa 24 inabadilisha nyuma kuliko kubana au kufungua apecha. Na wakae karibu na katikati ya fremu. Bibi harusi ukimpeleka pembeni kabisa, lenzi pana itamnyoosha bega na shavu, na hakuna boke itakayomtuliza mama mkwe. Usimkaribie uso kwa sentimita 50 eti upate ukungu zaidi. Ukungu utaupata, na pua pia utaipata.

Maji yana saa zake. Saa 10 jioni jua bado liko juu ya ghuba na kila wimbi linarusha nukta ya mwanga, na kwa lenzi yenye ukingo mkali utapata viduara ulivyonilalamikia, maelfu. Wageuze maharusi ili maji yaliyo nyuma yasiwe upande wa jua, au subiri. Karibu na saa 1 jioni jua likishazama upande wa Sengerema, nukta zile zinazimika, maji yanabaki na rangi tu, na lenzi yako itaonekana nyingine kabisa. Una dakika kama 20 hivi, huku kwetu giza halina subira.

Juani usisahau shata, yaani muda wa kuingiza mwanga. Jua la mchana, ISO 100 (kiwango cha sensa kuhisi mwanga), f/16 linataka 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/1.4 ni hatua saba, kila hatua ikiongeza mwanga maradufu, unahitaji karibu 1/12,800. Kamera nyingi zinaishia 1/8000 au 1/4000. Nunua filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya hatua tatu, utarudi 1/1600 na utapumua. Tena kuna jambo ambalo huwachanganya wengi: kamera nyingi zisizo na kioo huanza picha kwa pazia la shata la kielektroniki badala ya la kimakanika, na kwa kasi kubwa na apecha iliyo wazi pazia hilo hukata sehemu ya maduara ya nyuma, yanatoka kama yamenyolewa upande mmoja. Ukiona hivyo, badili kwenye menyu uweke shata ya kimakanika kamili kabla hujaishuku lenzi.

Usiku, zile taa za dagaa ni mandhari ya nyuma ambayo miji mingi haina. Wavuvi hutoka giza la mwezi, kwa hiyo panga na kalenda: mwezi mpevu utakuta maji meusi matupu. Kwa 24 zitakuwa vishanga, nawe vipange viwe mstari juu ya mabega yao, usiviache vipite kichwani. f/2 itatosha, mayai ya kona yatanenepa. Ukitaka maduara makubwa yanayojaza fremu, toa 85 kwenye begi. Usiilazimishe 24 ifanye kazi ya tundu la milimita 47.

Mwaloni wa Kirumba, kwenye soko la samaki, ni habari tofauti. Nyavu, rangi za mitumbwi, kina mama wa dagaa, hapo nyuma ndiyo picha. f/4, na usahau boke.

Kuhusu kuiuza: ikifaulu kipimo cha kona nne, baki nayo. Ikiwa siku moja utaongeza lenzi kwa ajili ya harusi, ningekushauri 35. Kwa mtu wa ukubwa uleule na f ileile inafuta sawa na 24, lakini nyuma inaingiza chini ya nusu ya eneo, kwa hiyo kingo zinapungua na sura ya mahali bado ipo. Tundu la 35 f/1.4 ni milimita 25, taa zako zinaanza kuwa na mwili. Bajeti ikibana, 35 ya f/1.8 au f/2 inatosha kwa maharusi. Canon RF ya milimita 35 f/1.8 ya mwaka 2018, kwa mfano, inakaribia hadi sentimita 17, na pete ya ndoa iliyowekwa juu ya jiwe nayo utaipiga humohumo. Mwenye kamera ya kropu ya Canon, yenye sensa ndogo kuliko fulu-fremu, ana EF-S ya milimita 24 f/2.8 ya mwaka 2014, nyembamba, ya gramu 125, ambayo kwake inaona karibu kama 38 kwenye fulu-fremu. Tundu lake ni milimita 8.6 tu, basi asitegemee ukungu wa mbali. Inasogea hadi sentimita 16, na huko karibu ukungu upo.

Piga zile picha tano za nukta ya taa wiki hii, duara la katikati na kona nne, kisha uziweke kando kwa kando kwenye kompyuta. Kona moja ikipishana na nyingine, zitunze picha hizo na umrudie muuzaji nazo mapema, kabla hujaibeba lenzi kwenye harusi nyingine akapata cha kusingizia.